Herufi Isiyosema

Turið ana miaka saba na mapengo mawili mbele.
La tatu amelipata leo, daftarini.
Aliandika jina lake jinsi linavyosikika,
T, u, r, i, akatia nukta, akafunika kalamu.
Mwalimu Sunnvá akaongeza mwishoni, kwa penseli ya kijani,
ð:
d iliyopinda shingo, iliyochanjwa chale juu.

"Inasemaje?"
"Haisemi."
"Hata kidogo?"
"Hata kidogo."
"Basi inafanya nini kwenye jina langu?"

Swali hilo akaja nalo nyumbani,
limelowa mvua kama koti lake.
Mimi ndiyo kwanza nimetoka kiwandani, vidole vinanuka samoni.
Mimi niliambiwa andika, nikaandika;
miaka thelathini naibeba, sijawahi kuiuliza jina la mama yake.
Sasa nahesabu: imo katika neno la baba,
imo katika neno la kaka, imo katika mkate,
imo katika kondoo wote walio mlimani nyuma ya nyumba.
Hata neno la mama linayo, katikati kabisa,
pale ulimi unaponyata kama mtu apitaye sebuleni gizani
asije akamwamsha mtoto.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Hiki changu kimekaa tu, hakina hata kikohozi.

Nilitaka kumwambia huenda mababu waliitamka,
midomo ikaichoka, mikono ikakataa kuiacha.
Lakini alikuwa anatazama mlangoni,
buti za mpira za Dánjal, namba arobaini na nne,
zilizobaki pale tangu Agosti
alipokwenda Aalborg kujifunza kuchomelea vyuma.
Kila Jumamosi naziinua, nafagia, nazirudisha.
"Kama zile," akasema.
Ningejibu nini? Nikapakua viazi.

Tangu siku hiyo tahajia ikaharibika.
Turið akaanza kuigawa ð kama peremende za sikukuu.
Kwenye orodha ya duka, maziwa yana ð, mayai yana ð,
sabuni imepewa mbili kwa kuwa ilikuwa inaisha.
Jino lililong'oka alilitia kwenye bahasha,
juu yake akaandika jino, na nyuma ya jino
ð, ð, ð, hadi ukingoni.

Nikamwendea Sunnvá. Akacheka, akavua miwani.
"Wote hupita hapo," akasema.
"Kwanza huandika wanachosikia,
halafu huandika wanachohofia,
mwisho wanaandika kama sisi."
Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya kutoa pole.

Jioni anasoma gunia la chakula cha kondoo.
Kidole kinatambaa chini ya maneno kama konokono,
silabi, pumzi, silabi,
anarudi nyuma, anakasirika, anaanza upya,
mpaka neno linaposhikana ghafla
naye anainua uso kana kwamba kuna mtu amemwita.
Ila akifika penye ð kidole kinasimama.
Midomo inafungwa. Anahesabu moja, kimoyomoyo,
kisha anaendelea.
Nimejikuta jikoni nami nahesabu.

Jumapili akamwandikia kaka yake barua.
Makosa kumi na moja; nilirekebisha anwani tu,
kwa ajili ya posta.
Juu kabisa, Dánjal,
jina ambalo halijawahi kuwa nayo tangu abatizwe,
lilikuwa na ð mwishoni, imekandamizwa
hadi karatasi imetoboka.

Nilishika kifutio.
Nikakirudisha kwenye kikombe cha kalamu.

Njiani kwenda posta alikuwa kimya mpaka darajani.
Kisha akauliza, bahasha akiwa ameikumbatia ndani ya koti:
"Wakipima uzito,
na ile nayo wanaipima?"